Mpira Uliochanika Usiutupe: Mapambo ya Bustani kwa Vifaa vya Michezo Vilivyochakaa

Karibu kila nyumba yenye vijana ina kona yake ya vifaa vilivyostaafu. Nyuma ya tangi la maji utakuta mpira usioshika upepo, daluga iliyoachama mdomo, raketi iliyobakiwa na nyuzi mbili tatu, na ringi ya baiskeli iliyopinda. Haviuziki, na mwenyewe hakubali vitupwe, kwa sababu kila kimoja kina mechi yake anayoikumbuka. Bustani inaweza kuvipokea vyote, hata kama bustani yenyewe ni kibaraza chenye makopo matano ya maua. Ila kazi inahitaji utaratibu. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mchezo hakikutengenezwa kukaa na udongo mbichi na jua la mwaka mzima, na usipokiandaa kitaoza, kitashika kutu au kitakuletea mbu.

Kwanza tenga vinavyochezeka

Kabla ya kushika kisu, kagua kila kifaa kama kinaweza kurudi kiwanjani. Hili nalisisitiza kuliko rangi na maua. Mpira uliofumuka mshono, fundi viatu anaushona na unarudi kazini. Bladda (mfuko wa ndani unaoshika upepo) iliyotoboka huzibwa kwa kiraka na solusheni, kama tyubu ya baiskeli. Vali inayovujisha mara nyingi inataka tone la mafuta tu, au kubadilishwa. Mtaani kwetu na kwenu wapo watoto wanaocheza chandimu kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, na mpira wa kweli wenye kiraka kwao ni sherehe. Daluga zinazovalika nazo zipelekwe kwa timu ya watoto iliyo karibu. Ua halina haki juu ya kitu ambacho mtoto angekichezea.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho chako: mpira uliochanika ngozi, daluga iliyoachia soli, wavu wa goli uliotoboka matundu makubwa, ringi isiyonyooka tena.

Vipo pia vya kuviacha kabisa. Kofia za baiskeli ndani zina povu jeupe linalomeguka vipande vidogo, na vipande hivyo huishia kwenye mtaro na midomoni mwa kuku. Magodoro ya mazoezi hali yake ni hiyohiyo: jua likiyashika yanakuwa unga. Raketi na magongo ya nyuzi za kaboni au za kioo unaweza kuyatundika mazima, lakini usiyakate wala kuyapiga msasa, maana vumbi lake linachoma ngozi na halifai kuvutwa puani.

Osha, kausha, kisha uamue

Osha kila kitu kwa maji, sabuni ya unga na brashi ngumu, halafu kausha kivulini mpaka ndani pakauke sawasawa. Daluga zenye harufu zifungue kamba, inua ulimi, na uzianike mahali penye upepo kwa siku kadhaa. Chuma chenye kutu kisugue kwa brashi ya waya. Vipande vidogo kama nati na ekseli vilaze kwenye siki usiku mmoja, asubuhi kutu inatoka kwa kusugua kidogo. Kama una vipande vya magoli ya zamani yaliyopakwa rangi miaka mingi iliyopita, vaa barakoa na ulowanishe chuma kabla ya kupiga msasa, kwa sababu rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Watoto wasiwepo karibu, na maji hayo yasimwagwe penye mboga.

Vifaa vya kazi si vingi: kisu chenye wembe wa kubadilisha, shazia na uzi wa fundi viatu, koleo, waya mwembamba ule wa kufungia nondo, tupa, msasa, praima ya chuma (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi ya mafuta, vanishi ya nje na drili. Kama huna drili, fundi seremala wa jirani atakutobolea kwa bei ya soda.

Mpira ndani ya wavu

Hili ndilo pambo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo litakalopewa nafasi kubwa hapa: chungu cha kuning'inia kilichotengenezwa kwa mpira wa miguu, kikiwa kimebebwa na kipande cha wavu wa goli. Mgeni akiinua macho anaona mpira umekaa nyavuni na majani yanamwagika pembeni. Huhitaji kumweleza kitu.

Mpira namba 5, ambao ndio wa watu wazima, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, sawa na upana wa sentimita 22 hivi. Ule wa kawaida wa kushonwa una vipande 32: vyenye pembe tano ni 12 na vyenye pembe sita ni 20. Mpangilio huo unakusaidia sana kwenye kukata.

1. Toa upepo wote kwa sindano ya pampu. Usikate mpira wenye upepo hata kidogo, kisu kitakuruka.

2. Tafuta vali. Ikae ubavuni au chini, isiwe juu unapokata, kwa sababu sehemu ile ni ngumu na inaharibu umbo la mdomo.

3. Chagua kipande kimoja chenye pembe tano kiwe kitovu cha mdomo. Kimezungukwa na vipande vitano vyenye pembe sita. Kata uzi wa mshono unaouzunguka mduara huo wa nje, si ngozi. Ingiza ncha ya kisu katikati ya vipande viwili, vuta uzi, ukate, endelea. Ukimaliza, vipande sita vinatoka pamoja kama kifuniko, na mdomo unaobaki una pembe zinazopanda na kushuka kama nyota. Upana wake ni sentimita 18 hivi na kina ni 17, nafasi ya kutosha mmea mmoja mkubwa au mitatu midogo.

4. Hapohapo, kabla ya jambo jingine, funga ncha za uzi wa mishono iliyobaki. Mshono uliokatwa upande mmoja unaendelea kufumuka polepole, na baada ya mvua chache mpira utafunguka vipande vyake vyote. Pitisha shazia mara mbili tatu kwenye kila kona ya mdomo na kaza fundo kwa ndani.

5. Toa bladda. Usiitupe: ikate mikanda mirefu, inafaa sana kufungia mimea inayotambaa kwa sababu inavutika na haikati shina.

6. Toboa matundu matano au sita chini kabisa, kila moja likiwa na upana wa penseli. Tumia kile kifaa cha fundi viatu cha kutobolea mkanda. Wengi hutumia msumari uliopashwa moto, nami nawashauri waache, kwa kuwa mipira mingi ya siku hizi si ngozi bali plastiki, na moshi wake unakereketa koo na macho.

7. Weka chini makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa, unene wa vidole vinne. Yanazuia udongo usitoke na maji na yanapunguza uzito. Juu yake jaza udongo uliochanganywa: sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga. Shindilia kidogokidogo ukizungusha mpira ili umbo lake lirudi. Mpira uliochoka hukunjamana ubavuni, na ni udongo unaousukuma nje ukawa duara tena.

8. Kata kipande cha wavu chenye matundu saba kwa saba, kama matundu yake ni ya upana wa kiganja. Kabla ya kukitumia kivute kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Nailoni iliyokaa juani miaka mingi inaonekana nzima lakini inakatika kama uzi wa buibui, na ikiwa hivyo tafuta kipande kingine. Weka mpira katikati, kusanya pembe juu, na uzifunge zote pamoja kwa kamba ya manila.

9. Tundika kwenye boriti au kwenye tawi nene. Mpira uliojaa udongo uliolowa unafika kilo sita au saba, kwa hiyo kulabu ya kwenye ubao mwembamba wa dari haitoshi. Usitundike juu ya mlango wala mahali watoto wanapopita.

Cha kupanda ni kile kinachoteremka na kisichodai udongo mwingi. Mnanaa unafanya vizuri penye kivuli cha nusu siku. Viazi vitamu vya mapambo, vile vyenye majani ya zambarau, vinashuka haraka na kufunika wavu. Kwa mtu anayesahau kumwagilia, mshubiri mdogo unamvumilia. Sipendekezi nyanya: zinakua zaidi ya mpira unavyoweza kubeba.

Mpira wa kikapu una raba nzito inayojishikilia yenyewe, basi ukate katikati kwa kisu upate bakuli mbili, toboa chini, na uziweke juu ya ukuta wa baraza. Ule wa kandanda uliogundishwa bila kushonwa nao utaukata kwa kisu ukifuata mstari uliouchora kwa bakuli la chakula.

Je, upakwe rangi?

Mimi nasema usipakwe, au upakwe kidogo sana. Thamani ya pambo hili ni kwamba mtu anatambua kilikuwa nini. Mikwaruzo ya kokoto, alama ya kijani ya nyasi, jina la timu lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, hayo yote ni sura yake. Ukiupaka mpira dhahabu nzima, umepata chungu cha dhahabu kisichofanana na chochote, tena rangi ya mafuta juu ya plastiki inayojikunja inapasuka msimu wa kwanza. Angalia kazi za Ocean Sole wa Nairobi, ambao huchonga tembo, twiga na kasa kutokana na kandambili zilizookotwa ufukweni. Uzuri wa sanamu zile unatoka kwenye rangi za kandambili zenyewe, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Hawakuzificha.

Anayetaka rangi za timu yake, chuma ndicho kinachozibeba vizuri. Kijani na njano ya Yanga, au nyekundu na nyeupe ya Simba, zinang'aa kwenye ringi ya baiskeli iliyopakwa praima kwanza. Kwenye nyumba zenye mashabiki wa pande zote mbili, ringi mbili zikiwa jirani huwa ni mazungumzo ya jioni nzima.

Mwavuli wa ringi ya baiskeli

Ringi ya inchi 28, bila tairi, ina upana wa sentimita 64 hivi, na hata ikiwa imepinda inafaa. Toa tairi, tyubu na ule utepe wa ndani. Spoku ziache mahali pake, ila zilizokatika zikunje ncha kwa koleo na uzipige tupa, kwa kuwa ziko kwenye usawa wa macho ya mtoto. Sugua kutu, paka praima mara moja, subiri ikauke kabisa, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Ukikaa Tanga, Mombasa, Unguja au popote penye upepo wa chumvi, usiruke praima. Pwani chuma kisicho nayo kinaanza kuchanua kutu kabla mmea haujafika juu.

Chukua bomba la chuma lenye urefu wa mita mbili na kidogo. Mpelekee fundi wa kuchomelea azibe ncha ya juu na achomelee hapo nati inayoingiana na ekseli ya ringi yako. Nenda na ringi yenyewe ili apime. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwake, na inakupa ringi inayofungwa juu ya bomba kama skrubu na inayoweza kutolewa siku ya kupaka rangi upya. Chimbia bomba sentimita 50 hadi 60 ukilishindilia kwa mawe na zege, na uliache siku mbili tatu likauke kabla ya kufunga ringi.

Sasa ringi imelala juu kama mwavuli. Funga kamba sita au nane kutoka ukingo wake hadi kwenye vigingi vilivyozunguka chini, na panda kwenye kila kigingi mmea unaotambaa. Asumini ni chaguo la kwanza kwa harufu yake ya jioni. Kunde zinakubali pia, na unachuma mboga humohumo. Pasheni usiipande hapa. Ina nguvu mno, itaelemea ringi na kufunika spoku zote, na spoku ndizo unazotaka zionekane.

Daluga

Daluga ina faida ambayo viatu vingine havina: meno yake yanainua soli juu ya sakafu, kwa hiyo maji yanapata pa kutokea. Toboa matundu manne kwenye soli katikati ya meno, si kwenye meno yenyewe. Toa kitambaa cha ndani. Sukuma kokoto ndogo hadi kwenye vidole, kwa sababu huko mizizi haifiki na udongo ukijaa unachachuka. Fungua kamba hadi tundu la tatu, inua ulimi uinamie mbele, na panda mshubiri au dungusi ndogo kwenye nafasi ya kifundo cha mguu. Kisha funga kamba tena kwa ulegevu kuuzunguka mmea.

Za ngozi halisi zipake dawa ya viatu kabla ya kuweka udongo na uzirudie kila masika yanapokaribia. Zipange ngazi kwa ngazi mlangoni, au zifunge kwa kamba zake kwenye ua wa waya. Jozi ndogo ya mtoto ikikaa karibu na ya baba yake inapendeza kuliko safu ya viatu vinavyolingana.

Vya mbao, vya chuma na vya zege

Adui wa raketi za mbao, magongo ya hoki na bati za kriketi ni mchwa. Usichomeke mpini wowote kwenye udongo, hata kama umepakwa vanishi mara tano. Tundika ukutani kwa kulabu, ukiacha upenyo wa kidole kati ya mbao na ukuta ili hewa ipite. Paka vanishi ya nje pande zote pamoja na ncha za mpini, ambako maji huingia kirahisi. Raketi tatu zilizotundikwa kwa mshazari, zenye nyuzi zilizobaki, zinashikilia mmea unaotambaa bila kamba nyingine. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Inafanya kazi, lakini inachafua udongo na haifai karibu na mboga.

Sasa vile vyuma vya mazoezi vya mtaani, bomba lenye makopo mawili ya zege kwenye ncha. Havikatiki na havipasuki kirahisi, na watu huviacha vikizagaa tu. Simamisha kimoja wima: kopo moja linakuwa msingi, la juu linakuwa meza. Kimbize msasa kwenye kutu ya bomba, paka rangi, na juu yake gandisha sahani pana ya udongo kwa zege laini. Ndege watakuja kunywa na kuoga, hasa kiangazi. Zege lililotoka kwenye bomba lizike ardhini uso ukiwa sawa na nyasi, upate mawe ya kukanyagia kwenye njia.

Mbu

Hapa sitaki mtu aharakishe kusoma. Kila kitu tulichokitaja kinaweza kushika maji, na mbu anayeeneza dengue, Aedes aegypti, anapenda vyombo vidogo vilivyo karibu na watu kuliko bwawa au mto. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na Mombasa nayo imeshaipitia. Penye joto, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi.

Kwa hiyo kila ukimwagilia pambo, angalia kama maji yanatoka chini. Yakituama zaidi ya dakika chache, tundu limeziba: lizibue kwa kijiti. Kila baada ya mvua kubwa pitia matundu yote. Sahani ya ndege ibadilishwe maji kila siku mbili tatu, na mara moja kwa wiki isuguliwe kwa brashi. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai ya Aedes hunata kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri kulowa tena. Tairi ulilolitoa kwenye ringi usiliache limelala uani. Tairi ndilo chombo mbu huyu analolipenda mno: kama huna matumizi nalo, litoboe matundu pande zote au mpe fundi wa kandambili za matairi.

Mpangilio na matunzo

Usitundike vyote siku moja. Uani kukiwa na mipira minane, daluga kumi na ringi nne, mgeni ataona stoo iliyohamia nje. Chagua pambo moja kubwa la kushika jicho, kama mwavuli wa ringi, na madogo mawili au matatu yalizunguke kwa mbali. Mengine yape majirani.

Mipira ya kuning'inia hukauka upesi kuliko chungu cha ardhini, kwa hiyo kiangazi mwagilia asubuhi na jioni. Kagua wavu na kamba kila msimu kwa kuvuta, sio kwa kutazama. Chuma kikianza kuonyesha doa la kutu, sugua pale pale na upake praima, usingoje lisambae. Ngozi ya mpira itachoka baada ya misimu kadhaa ya mvua na jua, na siku itakapoanza kumeguka, hamisha mmea na udongo wake kwenye chungu kingine. Masalia usiyachome moto, kwa sababu ya ule moshi wa plastiki. Yapeleke kwa wazoa taka pamoja na vipande vya wavu, na ringi na mabomba uwape wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita na mikokoteni.